Mguu Mzima

Nikiulizwa ni kazi gani ya kwanza niliyopewa duniani nikaitenda barabara, bila ya kuhimizwa wala kukaripiwa, sina budi kujibu kwamba ilikuwa kazi ya kumzuia punda asilale. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Ulikuwa mwaka 1969, katika mji wa Lamu, au Amu kama tuuitavyo wenyewe, na punda alikuwa wa babu yangu mzaa baba. Jina lake lilikuwa Kijivu.

Kijivu alikuwa mchukuzi wa mchanga, mawe na chokaa ya kujengea. Asubuhi alitandikwa shogi mgongoni, akashuka pwani kwenye majahazi, kisha akapanda tena na mzigo wake katika vichochoro vyetu vyembamba ambamo hata leo gari haliwezi kupita. Siku moja ya masika aliteleza kwenye ngazi ya mawe kando ya mtaro. Mguu wake wa mbele wa kulia uliingia katikati ya mawe mawili, na mzigo ukamwelemea upande. Waliokuwapo walisema kwamba waliusikia mfupa. Ulivunjika chini ya goti, pale ambapo mguu wa punda ni mwembamba kama mpini wa jembe. Hata hivyo ngozi haikupasuka.

Majirani walimshauri babu amalize shida ya mnyama palepale. Babu alikataa. Alisema, "Huyu amenilisha miaka sita. Siwezi kumlipa kwa rungu." Akamwita mzee mmoja wa mtaani aliyekuwa hodari wa kuunga mifupa ya binadamu. Mzee yule alikuja na fito za mikoko alizozichonga bapa, pamba, vitambaa vilivyochanwa na ute wa mayai. Aliunyoosha mfupa huku wanaume wanne wamemkalia Kijivu, akaupanga mabanzi, akaufunga. Alipokwisha kunawa mikono alitoa amri moja tu: punda asilale. Akilala, alisema, atakapojiinua atajitupa, na mfupa utaachana.

Basi Kijivu akafungwa kwa kamba ya usumba, kichwa juu kwenye boriti, na kamba nyingine ikapitishwa chini ya tumbo. Baba alikuwa zamu ya usiku, nami nilikuwa zamu ya mchana nitokapo chuoni. Nilikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nina kijiti mkononi. Kila magoti yake yalipolegea nilimgusa ubavuni naye akasimama. Nilijivunia sana kazi ile. Wageni waliokuja kumjulia hali babu waliambiwa, "Huyu mjukuu wangu ndiye mlinzi."

Wiki ya tatu mzee alikuja akabonyeza, akasema mfupa umeanza kushika. Wiki ya tano Kijivu alianza kutetemeka. Alikataa pumba, akakataa majani, akawa anauegemeza uzito wake huku na huku kama mtu aliyesimama juu ya makaa. Nilipomshika ukwato wa mguu wa kushoto, ule mzima, niliukuta una moto. Nilimwambia babu, naye akasema ni homa. Siku ya 41 miguu yake yote ilimwishia nguvu kwa pamoja, na kamba zikabaki zimembeba. Alikufa kabla ya adhuhuri.

Babu alifungua mabanzi kwa mikono yake. Aliushika ule mguu uliokuwa umevunjika kwa mikono miwili, akajaribu kuupinda. Haukupinda. Pale palipovunjika palikuwa na fundo gumu, kubwa kama limau. Babu aliwatazama watu akasema, "Mfupa umeunga. Sasa amekufa kwa nini?" Wengine walisema ni jicho. Mimi sikusema kitu. Kwa muda mrefu niliamini kwamba kuna mchana mmoja nilisinzia, na kwamba yeye alilala kidogo nisione, na kwamba hilo ndilo lililomwua.

Miaka 37 ilipita. Nilikuwa mwalimu wa biolojia katika shule moja ya sekondari Mombasa, na punda nilikuwa nimemsahau, au nilidhani hivyo. Mwezi wa Mei mwaka 2006 niliona katika habari za televisheni farasi mmoja wa Marekani aitwaye Barbaro, aliyekuwa ameshinda mashindano makubwa ya Kentucky Derby wiki mbili kabla, akivunjika mguu wa nyuma wa kulia mbele ya umati wa watu katika mbio za Preakness, mjini Baltimore. Sikuwa mpenzi wa mbio za farasi, lakini jinsi yule mnyama alivyosimama akiuning'iniza mguu, asijue auweke wapi, niliijua. Nikaanza kuifuatilia habari yake kama mtu anavyofuatilia ugonjwa wa jamaa.

Mfupa wa Barbaro ulivunjika vipande zaidi ya 20. Kesho yake, katika hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mpasuaji Dean Richardson aliufunga kwa bamba la chuma na skrubu 27. Ili asizinduke kwa fujo akauvunja tena, walimteremsha akiwa bado usingizini ndani ya dimbwi la maji, amevalishwa chombo cha mpira kinachoelea, mpaka akili zikamrudia. Siku zikaenda vizuri. Kisha mwezi wa Julai ikatangazwa kwamba ukwato wa mguu wake wa nyuma wa kushoto, mguu ambao haukuwa na dhara lolote, umeharibika vibaya sana hata imebidi sehemu kubwa ya ukuta wake ikatwe. Mapambano yaliendelea miezi sita zaidi. Mfupa uliovunjika ulikuwa umeunga kwa kiasi kikubwa, hata plasta ikaondolewa. Lakini kwato zilizokuwa nzima ziliendelea kufa moja baada ya nyingine. Tarehe 29 Januari 2007 walimpumzisha kwa sindano.

Nililizima gazeti, kama wasemavyo watu wa redio, na nikabaki nimekaa. Baada ya miaka 37 nilikuwa nimepata jibu la swali la babu. Kijivu hakufa kwa mguu uliovunjika. Alikufa kwa mguu mzima. Na mguu mzima ulikufa kwa sababu hakuruhusiwa kulala. Na aliyemzuia asilale ni mimi.

Hapa yafaa nieleze jambo hili linavyokuwa. Farasi, punda na pundamilia husimama juu ya kidole kimoja katika kila mguu, na ukwato ni ukucha wa kidole hicho. Mfupa wa mwisho wa kidole haukukalia soli ya ukwato kama mguu wa mtu ndani ya kiatu. Umening'inia ndani ya ukuta wa ukwato, umeshikwa na mikunjo laini mamia kwa mamia iliyopachikana kama kurasa za vitabu viwili vilivyoingizwa kimoja ndani ya kingine. Mikunjo hiyo ni hai, nayo inahitaji damu. Damu huisogea mnyama anapokanyaga na kuinua, akanyage tena na kuinua. Akisimama juu ya mguu mmoja bila ya kuupumzisha, damu hupungua, mikunjo huvimba na kufa, kisha huachia. Na uzito wa mwili huusukuma ule mfupa kuelekea chini. Maumivu yake hayasemeki.

Kwa hiyo mnyama wa jamii hii anapovunjika mguu huwa mbioni. Mfupa unakwenda kuunga, na kwato nzima zinakwenda kuharibika, na swali lote ni nani atawahi. Farasi mzima ana uzito wa kilo 450 hadi 500. Chini ya goti hana msuli hata mmoja. Kuna mfupa, kano na ngozi tu. Msuli ndio unaoletea mfupa jirani yake sehemu kubwa ya damu ya kujitengenezea, na penye damu haba mfupa huunga polepole. Mfupa mkubwa wa mguu wa farasi mtu mzima huweza kuchukua miezi 4 hadi 6 kabla haujaaminika. Ukitingishika, au ukiingiwa na vijidudu, hukawia zaidi, na pengine hauungi kabisa. Mbio hizo kwa kawaida mfupa hushindwa.

Nilipoelewa hayo nilianza kutafuta kama kuna watu waliojaribu kuufanya mfupa ukimbie. Nikagundua kwamba wapo, na kwamba kazi yao ilianzia kwenye sahani ya chakula.

Mwaka 1736 mpasuaji mmoja wa London, John Belchier, alialikwa kula kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kupiga chapa vitambaa. Nyama iliyoletwa ilikuwa ya nguruwe, msomaji anisamehe, na mifupa yake ilikuwa myekundu. Mwenyeji alimweleza kwamba nguruwe wake hula pumba zilizotumika kusafishia vitambaa vilivyotiwa rangi ya mizizi ya mmea fulani. Mgeni mwingine angecheka akaendelea kula. Belchier alikwenda akawalisha wanyama mizizi ile kwa makusudi, akathibitisha kwamba rangi huingia mifupani. Hapo ndipo wataalamu walipopata njia ya kuona jambo ambalo halikuwa likionekana: mfupa si jiwe, bali ni kitu hai, unaongezwa na kupunguzwa kila siku.

Mfaransa Duhamel du Monceau aliichukua habari ile akaenda nayo mbele. Alizungushia mifupa ya wanyama wachanga nyuzi za fedha, na baada ya muda akazikuta zimefunikwa na mfupa mpya. Akasema kwamba ile ngozi nyembamba iliyoufunika mfupa ndiyo inayouzaa, kama vile gome la mti linavyozaa mti. Huko Uingereza, John Hunter, aliyefariki mwaka 1793, aliyarudia majaribio ya rangi, akaonyesha kwamba mfupa unapokua hujengwa upande mmoja na kubomolewa upande wa pili. Hunter huyu huyu alikuwa miongoni mwa waliounga mkono chuo cha kwanza cha tiba ya wanyama nchini mwao, kilichoanzishwa London mwaka 1791. Wafaransa walikuwa wametangulia kwa miaka 30. Chuo chao kilianzishwa Lyon mwaka 1761 na Claude Bourgelat, bingwa wa kufundisha kupanda farasi. Almuradi, udaktari wa mifugo wa kisasa ulizaliwa ukiwa na farasi mlangoni.

Katika mji huohuo wa Lyon, mpasuaji Ollier alichapa kitabu mwaka 1867 kuhusu kuzaliwa upya kwa mifupa. Kwa hiyo wazo hili, linalosemwa siku hizi kama kwamba limeanguka jana kutoka mbinguni, lina zaidi ya miaka 150. Naye William Macewen wa Glasgow alieleza mwaka 1881 habari ya mtoto aliyepoteza mfupa wa mkono kwa usaha. Macewen alikuwa akiwanyoosha watoto wengine waliopindika miguu kwa matege, na vipande vya mifupa alivyovikata kwao alivipandikiza katika mkono ule mtupu. Vikashika, vikaungana, na mtoto akapata mkono. Njia hiyo ya kupandikiza haijaachwa. Mpasuaji wa farasi anapotia bamba la chuma, aghalabu huchota mfupa laini wenye uboho kutoka nyonga au kidari cha farasi mwenyewe, akaujaza palipovunjika, kama fundi atiaye udongo mbichi penye ufa.

Lakini ni nini kilichomo katika mfupa kinachoamuru mfupa mwingine uote? Jibu lilianza kuonekana mwaka 1965. Marshall Urist wa Los Angeles aliuchukua mfupa, akauondolea madini yote kwa asidi hata ukabaki laini, akauweka ndani ya msuli wa sungura. Msuli hauna desturi ya kuota mfupa. Lakini mahali pale mfupa uliota, na ndani yake uboho. Maana yake ni kwamba mfupa una sauti, na ukiusikiliza, hata nyama ya jirani hutii. Mwaka 1971 Urist aliita sauti hiyo protini ya kujenga mfupa. Mwaka 1988 wataalamu wa Marekani walizipata jeni za protini hizo, hata zikaweza kutengenezwa kiwandani; na kufikia mwaka 2002 serikali ya Marekani ilikubali mojawapo itumiwe kwa binadamu katika uti wa mgongo, na mwaka 2004 kwa mfupa wa muundi uliovunjika na kutoboa ngozi.

Wakati huohuo Alexander Friedenstein, huko Moscow, alikuwa akiuchunguza uboho. Katika miaka ya 1960 na 1970 alionyesha kwamba ndani yake kuna seli chache ambazo, zikihamishiwa mahali pasipo na mfupa, hujenga mfupa. Ndizo zilizokuja kuwa maarufu kwa jina la seli shina. Wenye farasi hawakuchelewa kuzitamani. Mwaka 2003 Roger Smith na wenzake wa chuo kile cha London waliandika jinsi walivyotoa uboho wa farasi, wakazizalisha seli zake maabarani, wakazirudisha kwa sindano katika kano ya mguu iliyochanika. Ilikuwa ni kano, si mfupa. Na tangu hapo seli shina zimetumika katika kano za farasi kuliko katika mifupa yao.

Kwa upande wa mfupa, jaribio ambalo mimi nimelisoma mara nyingi ni la Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, lililochapishwa mwaka 2008. Kando ya mfupa mkubwa wa mguu wa farasi kuna vifupa viwili vyembamba, mabaki ya vidole vya mababu zake wa kale. Watafiti walivikata vifupa hivyo kwa upasuaji. Baada ya siku 14 walipiga sindano pale palipokatwa, na ndani ya sindano mlikuwa na kirusi kilichobeba jeni ya ile protini ya Urist, ili seli za farasi mwenyewe ziitengeneze. Picha zilionyesha mfupa mpya umekuja mapema zaidi na kwa wingi zaidi. Na palipokatwa kwa mkato mwembamba, kifupa kilipopindwa na mashine kilistahimili kuliko kile ambacho hakikupata dawa.

Nilipolisoma mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Mara ya pili nilisita. Vifupa vile vya kando havibebi uzito mkubwa. Farasi aliyekatwa kifupa hicho anaendelea kusimama juu ya miguu minne. Bila shaka ndiyo sababu walivichagua, na walifanya vyema, kwani ingekuwa ukatili kuvunja mfupa mkubwa ili kujifunza. Lakini jaribio hilo linatuambia kwamba mfupa unaweza kuhimizwa. Halituambii kwamba mbio zile nilizozitaja zimeshindwa na mfupa. Mguu mzima haukuwamo katika mashindano.

Simdharau mtu hapa. Kila wiki inayopunguzwa katika kuunga ni wiki moja ambayo ukwato wa upande wa pili unapumzishwa, na mimi ni nani wa kubeza wiki moja? Kama Kijivu angepata wiki mbili mapema, huenda babu angemfungua angali hai. Ninachosema ni kwamba tiba hii ya kuzalisha mfupa upya, tukiiondolea majina yake makubwa, ni tiba ya kununua muda. Nao muda unanunuliwa kwa njia nyingi.

Ruffian, farasi jike aliyekuwa hajashindwa katika mbio alizomaliza, alivunjika mguu New York tarehe 6 Julai 1975. Walimpasua usiku uleule. Alipozinduka alianza kukimbia akiwa amelala ubavu, kana kwamba mbio zinaendelea, akaivunja plasta na kuuharibu mguu upya, na ikawabidi wampumzishe. Barbaro, miaka 31 baadaye, alizindukia majini, na asubuhi yake aliamka mguu wake ukiwa bado umefungwa. Tofauti baina ya asubuhi zile mbili haikuletwa na protini wala jeni. Ililetwa na mtu aliyejiuliza, "Mnyama huyu akiamka atafanya nini?"

Lugha yetu inalijua jambo hili kuliko sisi wasemaji wake. Neno kuganga, ambalo kwalo tumempata mganga, lina maana ya kufunga kitu kilichovunjika. Na gango ni kile kipande kinachoshikilia pande mbili zisiachane. Wazee hawakusema kwamba mganga anaunga. Mfupa ndio unaounga. Mganga anashikilia tu, na kungoja. Mzee aliyemfunga Kijivu alikuwa mganga kwa maana hiyo kamili, na mabanzi yake yalifanya kazi yake. Fundo lile gumu ni ushahidi. Sijawahi kumlaumu. Yeye alijifunza kwa binadamu, na binadamu akivunjika muundi hulazwa kitandani, uzito wote ukaondoka miguuni. Kwa Kijivu sisi tuliiga banzi, tukasahau kitanda.

Na laiti tungejua, kitanda kilikuwapo. Mchanga ulijaa uani, mchanga uleule alioubeba mwenyewe. Punda si farasi. Ni mwepesi, ni mtulivu, na hupenda kulala chini akiumwa. Waganga wa wanyama husema kwamba ni mgonjwa mwema kuliko farasi. Kijivu alitaka kulala. Kila magoti yake yalipolegea alikuwa akituambia dawa yake, nami nikamjibu kwa kijiti. Hata kukataa kula kwake kulikuwa hatari peke yake, kwa kuwa punda asipokula mafuta ya mwilini huyeyuka na kuingia katika damu kwa wingi, yakamharibu ini. Huenda hilo nalo lilishiriki kumwua. Sikulijua wakati ule, na hapakuwa na wa kumwuliza. Kituo cha kutibu punda kilikuja kufunguliwa Amu mwaka 1987, na shirika la Kiingereza lililoanzishwa na Elisabeth Svendsen. Kijivu alikuwa amekufa miaka 18 kabla.

Babu naye alikuwa amekwisha kwenda. Alifariki mwaka 1981, akiamini mpaka mwisho kwamba punda wake alipigwa jicho. Nimejiuliza mara nyingi kama ningemwambia ukweli lau ningeujua akiwa hai. Alimkatalia rungu kwa mapenzi. Je, ningemwambia kwamba mapenzi yale yaliishia siku 41 za kusimama? Rungu lingekuwa la dakika moja. Siandiki haya kuwahukumu wazee. Naandika kwa sababu huruma bila ya maarifa nimeiona kwa macho yangu, nayo ilikuwa na sura yangu, sura ya mtoto wa miaka tisa anayesifiwa na wageni.

Mwaka 2011 nilirudi Amu kwa arusi ya mtoto wa dada yangu. Nyumba ya pili na yetu palikuwa na kijana mwenye kihongwe aliyevunjika mguu wa mbele, chini ya goti, kwa kuangukiwa na tofali la jengo. Daktari wa mifugo alikuwa amekwisha kumfunga plasta, na kijana alikuwa ameelezwa yote. Hata hivyo nilimkuta anafunga kamba kwenye boriti.

"Mbona wamfunga juu, mwanangu?" nilimwuliza.

"Naogopa akilala, mzee. Atauvunja tena."

Nilimwomba anikabidhi ile kamba. Tukachota mchanga pamoja, karai kwa karai, tukaumwaga uani kivulini hata ukawa wa kina cha mkono. Kihongwe alisimama akitutazama. Akainusa ardhi, akauzunguka mchanga kwa miguu mitatu, akakunja magoti taratibu, akalala. Plasta ilibaki imenyooka pembeni kama fimbo ya mzee aliyeketi msikitini. Alijiinua mwenyewe baada ya saa moja, bila ya kujitupa.

Kihongwe yule alipona. Sitaki msomaji achukue hilo kuwa ni ushahidi wa jambo lolote: alikuwa mchanga, na mifupa michanga huunga upesi, alikuwa mwepesi, alikuwa na plasta na dawa ya maumivu, na daktari aliyempitia kila wiki. Mguu wake umepinda kidogo kwa ndani, na kijana hakumbebesha mizigo mizito. Mimi nilikaa Amu siku tatu zaidi kuliko nilivyokusudia. Kila alasiri nilikwenda kuketi kwenye ua ule, juu ya kinu kilichopinduliwa, nikamtazama amelala.